UZI: Kutafuta mikanda ya infraredi ambayo haitengenezwi tena, na namna ya kuisafirisha ifike nzima

mkanda_mweusi (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam. Huu uzi nimeuweka kiporo muda mrefu ila juzi tena kuna mdau kanifuata inbox na swali lile lile la wapi pa kuipata na namna ya kuisafirisha, nikaona niandike hapa mara moja kila mtu asome na wenye uzoefu waongezee.

Naongelea mikanda (filamu) ya kamera ya infraredi, yani inayoona mwanga ambao jicho haliuoni, ile iliyokufa. Kodak HIE ya nyeusi na nyeupe ambayo Kodak walitangaza kuikomesha 2007. Konica 750, wale Konica Minolta walijitoa kwenye biashara ya picha 2006 ndo ikawa mwisho. Efke IR820 kutoka Croatia, kiwanda cha Fotokemika kikafungwa 2012. Na upande wa rangi kuna Kodak EIR na ndugu yake Aerochrome, ile inayogeuza majani kuwa mekundu au pinki, ambayo mpiga picha Richard Mosse aliitumia kupiga picha za vita mashariki mwa Kongo. Ukiona mtu anauza chochote kati ya hivyo leo jua ni masalia ya friza ya mtu, hakuna kiwanda nyuma yake.

Nianze na kilichonikuta. Miaka ya nyuma nilipata HIE tano kwa mtu, maboksi yana sili, picha za bidhaa safi, nikamuuliza "zimekaa friza?" akajibu ndio. Nikalipa. Mzigo ukatumwa kwa kampuni moja ya vifurushi, ukakwama ghalani kwao wiki tatu kipindi cha joto kali, ulipofika nikapiga mkanda wa kwanza, kusafisha, negativu nzima kijivu. Wa pili kijivu. Nikalaumu wasafirishaji, nikaandika malalamiko marefu, baadae nilipotulia nikamrudia muuzaji taratibu nikamuuliza vizuri, akanieleza kwamba mikanda ilikuwa ya marehemu baba yake, ilikaa kabatini miaka mingi tu, yeye alipoikuta ndo akaitia friza, miezi minne kabla ya kuniuzia. Yani hakunidanganya hata neno moja. Mimi ndo niliuliza swali bovu.

Toka siku hiyo naamini kwamba kwenye mikanda hii unachonunua ni historia ya baridi. Tarehe ya kwenye boksi inakuja nyuma sana. HIE iliyoekspaya 2004 ikakaa friza tangu ilipotoka dukani inaishinda ile ya 2008 iliyokaa droo ya meza. Kwa hiyo maswali yangu sa hivi ni haya: nani aliinunua kwanza, ilikaa wapi mwaka wa kwanza, iliwahi kutoka friza kwa muda gani, umeme uliwahi kukatika siku ngapi, na je kuna mkanda wa bachi hiyohiyo ambao umeshapigwa nione negativu. Muuzaji mkweli anajibu kwa hadithi, anakwambia "nilihama nyumba mwaka fulani zikakaa friji ya kawaida wiki mbili". Anayejibu kwa neno moja moja mimi huwa napita.

Namba ya emalsheni, yani namba ya bachi ya lile tabaka la kemikali linaloona mwanga, ni muhimu sana. Iko kwenye boksi pembeni ya tarehe. Ukipata mtu ana mikanda kumi, uliza kama yote ni namba moja, kama ni moja basi nunua MMOJA kwanza, upige, usafishe, ndo urudi kuchukua tisa. Kama hataki kuuza mmoja mmoja mwombe akuuzie hata ule uliofunguliwa boksi. Wengi wanaogopa kwamba ukisubiri mwingine atawahi, ni kweli anaweza kuwahi, lakini mikanda tisa mibovu ni hasara kubwa kuliko mikanda tisa uliyoikosa.

Na tuwe makini na majina. Kuna watu wanauza LomoChrome Purple kwa kuandika "infraredi", ile ni mkanda wa kawaida unaoiga rangi, hauoni infraredi kabisa. Kuna wanaouza Rollei Infrared 400 na Ilford SFX 200 kama vile ni adimu na ziko madukani mpya.

Usafirishaji nitaandika chini, nipumzike kwanza.

fremu36

Naweka kiti hapa mkuu.

nuru_kando

Mkuu asante sana. Swali la mwanafunzi: kama mkanda unaona infraredi na infraredi ni joto, si kwamba ukiushika tu mkononi au ukiwa kwenye boksi la moto unajipiga wenyewe? Ndo maana inaharibika njiani?

mkanda_mweusi

Swali zuri na linachanganya wengi. Hapana. Mikanda hii inaona infraredi ya karibu, inaanzia pale jicho linapoishia kama nanomita 700 hivi, HIE inafika kama 900. Joto la mwili linatoka kwenye mawimbi marefu zaidi ya mara kumi ya hapo, mkanda hauyaoni kabisa. Ili kitu kijipige picha chenyewe kwenye HIE inabidi kiwe cha moto sana, kama pasi iliyowaka au chuma cha kulehemu.

Joto linaharibu kwa njia nyingine, linaharakisha kemia. Rangi maalum zilizotiwa kwenye emalsheni ili ione infraredi ni dhaifu, na kadiri mkanda unavyoona mbali ndivyo rangi hizo zinavyokufa mapema, huku chembe za fedha nazo zinaanza kugeuka zenyewe bila mwanga, hapo ndo unapata ule ukungu wa kijivu. Ndo maana SFX inayoishia kama 740 inavumilia droo ya meza na HIE haivumilii.

Majani kung'aa meupe pia hakuhusiani na joto. Ni jua tu, jani linarudisha infraredi kwa nguvu sana, mwanafizikia Robert Wood alionyesha hilo kwenye picha alizochapisha 1910.

dada_dakrumu

Nawasalimu wote. Mi nafanya kazi ya kusafisha mikanda miaka mingi, naomba niongelee eksrei maana naona watu wanalia hapa kwangu kaunta kila mwezi.

Kuna mashine mbili tofauti na watu wanazichanganya. Ile ya zamani ya uwanja wa ndege inayopiga picha bapa, mkanda wa ISO 400 (ISO ndo spidi ya mkanda kuona mwanga) kushuka chini ukipita mara moja au mbili kwa kawaida hutaona kitu. Halafu kuna hizi mpya za CT zinazozunguka begi na kulitazama pande zote, hizo kupita mara moja tu kunaweza kuacha alama, na Kodak wenyewe wanasema mkanda ambao haujasafishwa usipitishwe humo. Mabegi ya kukabidhi yanayoingia tumboni mwa ndege yanapigwa na mashine kali kuliko ya mkononi, kwa hiyo KAMWE usiweke mkanda kwenye begi la kukabidhi.

Sasa nisikilizeni hapa. Eksrei inajumlika. Mkanda wa zamani tayari una ukungu wake wa uzee, ukiongeza wa mashine moja, ukaongeza wa mashine ya pili kwenye uwanja wa kubadilishia ndege, ndo basi. Mkanda mpya ungevumilia, huu hauna akiba. Kwa hiyo usijilinganishe na rafiki yako aliyepitisha mkanda wake mpya mara nne na ukatoka salama.

Ukisafiri nao wewe mwenyewe toa mikanda kwenye maboksi, weka makopo kwenye mfuko mmoja unaoonekana ndani, fika mapema, omba kwa heshima ikaguliwe kwa mkono. Wengi wanakubali ukiongea vizuri. Lakini mwambie mkaguzi kabla hajagusa: kopo lisifunguliwe. HIE ile mwanga unaweza kupenya mdomoni mwa kaseti na kutembea ndani ya mkanda wenyewe kama maji kwenye bomba, ndo maana hata kuipakia kwenye kamera unaipakia gizani totoro. Na kopo liwe lile jeusi, msiweke kwenye makopo yanayopitisha mwanga, nimeshapokea mikanda ya hivyo na fremu za mwanzo zote zimeungua.

safari_ya_lenzi

Dada vipi ile mifuko ya madini ya risasi ya kuzuia eksrei? Ninayo moja.

dada_dakrumu

Kaka, kwenye eksrei ya zamani ilikuwa inapunguza kidogo. Ila mwenye mashine akiona bonge jeusi asiloelewa anafungua au anarudisha begi lipite tena. Kwenye CT usiitegemee kabisa. Na kwenye kifurushi cha posta ni mbaya zaidi, bonge jeusi ndani ya boksi lisilo na mwenyewe pembeni linaomba kufunguliwa, na atakayefungua hutakuwepo kumwambia asiguse kopo. Mi nasema iache nyumbani.

mkanda_mweusi

Dada umemaliza. Naendelea na kutuma mizigo.

Kifurushi kinachovuka mpaka kwa ndege kinaweza kupigwa eksrei na wewe hutaambiwa. Kinachokwenda kwa barabara ndani ya nchi moja kwa kawaida hakipitii huko. Kwa hiyo kabla ya kuangalia bei mimi naangalia njia: kama kuna muuzaji anayeweza kunifikishia kwa lori huyo ana thamani kubwa kuliko wa mbali mwenye boksi zuri. Na kama lazima ni ndege, natafuta njia yenye kituo kimoja, kila kituo ni mashine nyingine na ghala lingine. Kuna wakati nimesubiri miezi mitano mtu ninayemfahamu asafiri anibebee mkononi, sijajuta.

Kufunga: makopo kwenye mfuko wa plastiki unaojifunga, toa hewa, halafu mfuko wa pili. Weka katikati ya boksi la foumu, pembeni pakiti za jeli zilizogandishwa zilizofungwa kwenye mfuko wake zisigusane na mikanda moja kwa moja. Lengo letu si mikanda ifike imeganda, haiwezekani kwa siku nne, lengo ni joto lipande polepole na lisifike kule juu. Siku mbili tatu za joto la kawaida la chumba haziui mkanda uliokaa friza miaka ishirini. Kinachoua ni lori lililofungwa juani na ghala la bati wikiendi nzima. Ndo maana mwambie muuzaji atume mwanzoni mwa wiki, asitume alhamisi, asitume kipindi cha sikukuu ambapo mizigo inalundikana. Kama unaweza subiri msimu wa baridi.

Kuna stika ndogo zinazobadilika rangi zikipita joto fulani na hazirudi. Mwombe muuzaji aweke moja ndani ya mfuko. Hiyo inamaliza ubishi wa nani kaharibu.

Kwenye karatasi ya forodha andika ukweli: mikanda ya picha, haijapigwa, namba ya forodha 3702. Usiandike zawadi, usiandike vifaa vya kielektroniki. Mkaguzi akikuta kitu tofauti na karatasi anafungua kila kitu. Na nje na ndani ya boksi weka maandishi makubwa, kwa lugha ya wanaotuma na ya wanaopokea: mkanda wa picha, usipige eksrei, usifungue kopo kwenye mwanga. Haizuii asilimia mia ila nimeona boksi limefunguliwa likafungwa tena na makopo hayajaguswa.

nuru_kando

Barafu kavu je? Si inaweka baridi kali zaidi?

mkanda_mweusi

Inaweka sana, ni chini ya nyuzi 78 hasi, na inahesabika kama mzigo wa hatari, namba ya kimataifa UN1845, lazima itangazwe na boksi liwe na pa kutolea gesi maana ukilibana linaweza kupasuka. Kwa mikanda mitano jamani hapana. Jeli inatosha.

mzee_filta

Vijana hamjambo. Nimepiga HIE enzi inauzwa dukani kama sukari. Nitasema kitu ambacho hamtakipenda: wengi wenu hamuihitaji. Rollei 400 inaona mpaka kama 820, weka filta ya Hoya R72 mbele, ile inayozuia karibu mwanga wote unaoonekana, kamera kwenye stendi, majani yanang'aa, anga inakuwa nyeusi. Mkanda mpya, hauna hadithi ya marehemu wala ghala. Jifunzeni na huo kwanza, kufokasi kwenye alama nyekundu ya lenzi, kukosea na kupatia shata, maana mita ya kamera haipimi infraredi vizuri. Mtu anachukua mkanda ambao hautatengenezwa tena duniani anajifunzia kufokasi, mi inaniuma moyoni kweli.

mkanda_mweusi

Mzee shikamoo. Nakubaliana na wewe kwenye kujifunza, hilo kila mtu alisome mara mbili. Ila HIE siwezi kuiacha. Ule mng'ao unaovuja kutoka kwenye vitu vyeupe, unatokea kwa sababu mkanda hauna tabaka la nyuma la kuzuia mwanga usirudi, na unaona mbali kiasi kwamba kwa filta nyekundu ya kawaida namba 25 unashika kamera mkononi unapiga mtu anatembea. Rollei na R72 shata inakaa wazi muda mrefu, huyo mtu angekuwa ukungu. Picha za watu kwa infraredi, ngozi ile laini kama maziwa na macho meusi, sijaona kilichoziba pengo hilo.

mzee_filta

Marahaba. Hapo kwa watu una haki, nakuachia.

Basi niwape kitu cha kupima. Ukipata mkanda usiojulikana, gizani kata vipande viwili vifupi vya mwanzo. Kimoja kisafishe kawaida bila kukipiga picha, developa ya kutoa picha, stopu ya kuisimamisha, fiksa ya kuondoa fedha iliyobaki. Kingine kitie fiksa peke yake. Viweke sambamba juu ya karatasi nyeupe. Tofauti ya weusi kati ya viwili ndio ukungu wa uzee na wa mionzi. Kama unasoma gazeti kupitia vyote mkanda unafaa. Kama cha kwanza ni kama mlango uliofungwa, muuzie mtu kama pambo la kabati, umwambie ukweli. Ukungu wa wastani unapunguzwa kwa developa ya HC-110 iliyokolea na muda mfupi, au kemikali ya benzotriazoli kidogo kwenye developa, ila inakula spidi, piga kwa stopu moja zaidi, yani mwanga mara mbili. Na ile kanuni ya "ongeza stopu moja kila miaka kumi" isahau, ilikuwa ya mikanda ya kawaida.

safari_ya_lenzi

Na ya rangi? Nimepata mtu ana EIR mbili, anasema friza toka mwanzo.

dada_dakrumu

Kaka ya rangi ni ngumu zaidi. Ina matabaka matatu na lile la infraredi ndo linakufa kwanza, likichoka wekundu unapungua, picha inaelemea bluu ya kijani, majani badala ya kuwaka yanakuwa zambarau iliyopauka. Muulize picha za bachi hiyo za MIAKA HII, sio za 2006. Filta ya njano namba 12 lazima, bila hiyo rangi hazitoki sawa.

Na usafishaji: zamani ilikuwa na mchakato wake AR-5, sa hivi karibu wote tunaisafisha kwa E-6, mchakato wa kawaida wa slaidi za rangi, inatoka na kontrasti kubwa zaidi. Ila kabla hujampa mtu mkanda wako muulize mashine yake ina sensa za infraredi za kutambua mkanda ndani? Mashine nyingi zinazo. Zinachoma mkanda wote huku unasubiri kaunta. Omba tangi la mkono, la chuma ndo salama zaidi. Hata baadhi ya kamera, hizi Canon EOS nyingi za mkanda, zina kijitaa cha infraredi ndani kinachohesabu matundu, kinaacha ukungu pembeni ya fremu. Tumia kamera ya kizamani ya gia.

Na ukishapiga, safisha HAPO HAPO ulipo kama inawezekana kabla ya kupanda ndege. Mkanda uliosafishwa eksrei haina cha kuufanya tena.

safari_ya_lenzi

Narudi baada ya miezi miwili na nusu, nilisema nitaleta mrejesho.

EIR niliziacha. Nilimwomba picha za karibuni akanitumia mbili, majani yote yamepauka kama dada alivyosema. Nikamshukuru tukaachana vizuri.

Ila kupitia yeye nikapata mama mmoja ana HIE nne za mumewe, namba moja ya emalsheni. Nilimuuliza maswali ya mkuu yote, akaniandikia kurasa mbili, mpaka siku friza ilipoharibika na akazihamishia kwa jirani usiku huohuo. Nikanunua mmoja kwanza, ukaja kwa barabara siku tatu, jeli bado ya baridi, stika haijabadilika. Nikafanya vipande viwili vya mzee. Cha kwanza kijivu chepesi, gazeti nasoma bila shida. Nikapiga uliobaki kwa filta 25, ISO 200 badala ya 400, HC-110. Negativu zinapumua wakuu. Nimempiga bibi yangu amekaa chini ya mti, mti wote umewaka nyuma yake.

Mitatu iliyobaki imefika leo asubuhi. Swali: niiache itulie kabla ya kuirudisha friza au moja kwa moja?

mkanda_mweusi

Moja kwa moja, ndani ya mifuko yake hiyohiyo, usifungue kuangalia. Andika juu ya mfuko tarehe ya leo na siku ngapi ilikuwa nje. Siku ya kupiga toa mmoja tu, uache kwenye mfuko uliofungwa kwa muda wa masaa matatu hivi mpaka upate joto la chumba, ukifungua wa baridi mvuke unaganda juu ya emalsheni.

Na mtumie yule mama picha ya bibi.